Kamera ya Volti Tatu

Mume wa Fundi Mdogo alikuwa mtu wa maswali. Gari la mikate aliloendesha halikuwa na redio, kwa hiyo alikuwa na saa sita nzima kila siku za kujiuliza mambo bila kupata wa kumjibu. Akishuka tu, yeyote aliyekuwa karibu ndiye aliyelipia. Mtaa mzima ulimwita Bwana Swali. Hakukasirika, alitaka tu kujua ni nani aliyeanza.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, aliingia kwenye karakana ya mkewe na kifuko cha plastiki mkononi, uso umemkunjuka kama mtu aliyeitwa kupokea tuzo.

"Nimezipata," alisema. "Betri za lithiamu, za kuchaji. Saizi ileile ya kamera ya baba."

Mkewe aliweka chini chuma cha lehemu. Pembeni mwa meza, kwenye kiti chenye mto, mzee mmoja aligeuza shingo taratibu kutazama kile kifuko. Huyo ndiye Fundi Mkubwa, baba yake Fundi Mdogo, mwenye karakana tangu enzi za redio za mbao. Kiharusi kilimpata miaka minne iliyopita. Kiliudhoofisha mkono wake wa kulia, kikabeba na maneno yake yote, kikamwachia mawili tu: "ee" na "aa-aa". Akili ilikuwa pale pale. Aliyedhani vinginevyo, na akajaribu kusema naye kama mtoto, alitazamwa kwa jicho ambalo hakulisahau.

Sasa, sauti ya mzee huyu ilikuwa imebaki mahali pamoja tu. Simu hakuwahi kuzipenda, na ile ya binti yake iliyokuwa na sauti zake ilitumbukia kwenye beseni la nguo ikafa na kila kitu. Lakini kulikuwa na kamera ndogo ya rangi ya fedha, ya kutumia betri mbili za vidole, ambayo mzee aliinunua ili apige picha mashine za watu kabla hajazifungua, asije akasahau waya gani ulikuwa wapi. Siku moja aliijaribu kurekodi video. Binti yake aliiona siku hiyo kwa jicho moja, huku anatafuta bisibisi. Alikumbuka tu kwamba baba yake alikuwa analalamika kuhusu vumbi. Video ile ilikuwa bado humo ndani, kwenye kumbukumbu ya kamera yenyewe, maana kadi haikuwahi kuwekwa na tundu la waya lilishavunjika.

Tatizo lilikuwa nguvu. Betri kavu za dukani ziliiwasha kamera, lenzi ikatoka nusu, halafu giza. Betri za kuchaji za zamani za mzee zilikuwa zimeoza kwenye mkebe wake. Kamera ilikuwa mlafi, na chakula chepesi hakikuishibisha.

"Ulimuuliza muuzaji vizuri?" Fundi Mdogo alimwuliza mumewe.

"Maswali kumi na moja. Zinachajiwa mara ngapi, zinalipuka au hazilipuki, zikianguka majini je, nikizisahau kwenye gari juani je. Yote alijibu. Mwishoni aliniomba nimpishe mteja mwingine, na dukani nilikuwa peke yangu."

Fundi Mdogo alicheka, akazitoa betri. Zilikuwa mbili, za buluu, unene na urefu sawasawa na betri yoyote ya rimoti. Kila moja ilibandikwa kikaratasi cheupe cha muuzaji kilichoandikwa saizi na bei. Zilikuwa zimeshachajiwa. Mwili wote ulimwambia zitie, washa, usikie. Lakini fundi ni fundi, akachukua mita kwanza.

Mita yenyewe ilikuwa na visa. Kialama cha betri kilikuwa kinapepesa kwenye kioo chake kwa wiki mbili, na mwenyewe alikuwa anakiona. Ndivyo mafundi walivyo: saa ya ukutani kwao haitembei, pasi yao haina waya. Betri ya ndani ikidhoofika, mita ile ilizidisha. Betri kavu ya volti moja na nusu iliisoma mbili. Kwa hiyo Fundi Mdogo alijizoesha: soma, toa robo, endelea na kazi. Mita mpya ya kichwani, alivyopenda kusema.

Alipima ile ya buluu. Tano na nusu.

Alitoa robo kwa mazoea. Ikabaki nne na kidogo. Akaitazama betri ndogo ile kiganjani, akatazama mita, akaamua ni nani wa kulaumiwa.

"Hii mita sasa imekufa kabisa," alisema. "Kabetri kama haka katoe wapi volti nne?"

Akafungua kifuniko cha kamera, akaingiza betri ya kwanza. Springi ikabonyea vizuri. Alikuwa ameishika ya pili, meza ilipopigwa kofi mpaka misumari ikaruka.

"Aa-aa!"

Ni mzee. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado juu ya meza, vidole vimetanuka.

"Baba, hailipuki," Fundi Mdogo alisema. "Kinacholipua ni chaja mbovu, au kuitoboa, au kuigongesha ncha kwa ncha na chuma. Mimi nashika hizi kila siku, si unaiona ndoo ya mchanga mlangoni ilivyojaa betri za simu zilizovimba? Hakuna hata moja iliyonifanya kitu."

"Aa-aa."

"Anaogopa," Bwana Swali alinong'ona. "Au haogopi? Baba, unaogopa?"

Mzee alimpa mkwewe lile jicho. Kisha akanyoosha kiganja. Alitaka betri.

Fundi Mdogo alikasirika, tusifiche. Miaka minne amengoja, amebakiza kubonyeza kidude kimoja, halafu anazuiwa na mtu asiyeweza kusema anachozuia. Lakini alikuwa baba yake na meza ilikuwa yake. Akampa.

Mzee aliiweka betri mezani, akaonyesha nyaya nyembamba zilizoning'inia ukutani. Binti yake alimkatia vipande viwili. Akaonyesha selotepu. Binti alibandika waya mmoja upande huu na mwingine upande ule, bado haelewi, ila hasira ilikuwa imeanza kupoa na udadisi kukaa mahali pake. Mzee alizishika ncha mbili za nyaya pamoja, bila kuziacha zigusane, akatoa ulimi.

Hapo Fundi Mdogo akakumbuka. Zamani, mita zilipokuwa kitu cha kuazima, baba yake alipima betri kwa ulimi. Wateja walimwona ameketi na mkebe wa betri, anaonja moja baada ya nyingine kama mpishi wa harusi: hii imekwisha, hii bado, hii mpe mtoto achezee. Yeye alikuwa bado mdogo, na alikuwa akikatazwa kuonja.

Mzee aligusisha. Uso wote ukajikunja, jicho moja likafumba, mguu ukapiga sakafu. Bwana Swali aliruka kumshika.

"Amepigwa na umeme? Baba, umepigwa?"

"Aa-aa," alisema mzee, na alikuwa anacheka.

Akavuta mkebe wa betri kavu. Akatoa moja, akaisimamisha kando ya ile ya buluu. Akatikisa kichwa. Akatoa ya pili, akaisimamisha. Akatikisa kichwa. Akatoa ya tatu. Akaitazama safu yake ya betri kavu tatu, akaitazama ile ya buluu moja, akakunja mikono, yaani mmoja wenye nguvu juu ya ule mdhaifu.

"Ee," alisema.

Fundi Mdogo alitazama betri tatu upande huu na moja upande ule. Kisha akachukua zile nyaya akagusisha ulimini mwake mwenyewe. Uchachu mkali ulimpanda mpaka kwenye mzizi wa sikio.

"Maskini mimi," alisema.

Alikwangua kile kikaratasi cheupe kwa ukucha. Chini yake, kwa herufi za kumlazimisha mtu afinye macho, kulikuwa na maandishi ya kiwandani: volti tatu nukta saba. Na betri ya namna hiyo, ikijaa, hupita nne.

"Mume wangu. Katika maswali yako kumi na moja, uliuliza volti?"

Bwana Swali alihesabu vidoleni, moja hadi kumi na moja. "Niliuliza saizi," alisema hatimaye. "Akaleta saizi."

Muuzaji hakudanganya, basi, na mita nayo haikudanganya zaidi ya kawaida yake. Fundi Mdogo ndiye aliyetoa robo akapata jibu sahihi, kisha akalikataa kwa sababu hakulitarajia. Alilifikiria hilo, akaitoa upesi ile betri ya kwanza kwenye kamera. Betri mbili zikijumlishwa, volti nane na zaidi, ndani ya kamera ya volti tatu. Isingelipuka. Ingetoa kamoshi kembamba tu, na harufu ile ambayo kila fundi anaijua, na sauti ya baba yake ingekwenda na huo moshi.

"Nenda pale ng'ambo ukaninunulie betri ya mita," alimwambia mumewe. "Ile ya mraba. Na tafadhali, usiulize kitu."

Alikwenda na kurudi kwa dakika tatu. Mita ikiwa na betri mpya ilisema nne nukta moja, na binti akamwonyesha baba yake kioo. Mzee alikitazama kama mtu anayeonyeshwa risiti ya kitu alichokwisha kula.

"Sasa basi," Bwana Swali alianza, maana ahadi ya kunyamaza ilikuwa ya ng'ambo ya barabara tu, "hizi betri za lithiamu ni salama kwenye kamera au si salama?"

"Kamera gani, na lithiamu gani?" mkewe alijibu. "Kuna kamera zimetengenezwa na lithiamu yake kabisa, bapa, inaingia kwa upande mmoja tu. Hizo hazina neno, almradi chaja ni yake na betri haijavimba. Kuna na za umbo hili zinazotoa volti moja na nusu, zina kijisakiti ndani cha kuzishusha. Hizo pia zingefaa. Hii tuliyonayo si mbaya, ni nzima kabisa. Ila umeipeleka nyumba isiyo yake."

"Kwa hiyo tutafute zile nyingine?"

"Tutatafuta. Wiki ijayo, labda."

Alisema "wiki ijayo" kwa sauti ya kawaida, lakini moyo ulikuwa umemshuka, na mzee alimjua binti yake. Aliinuka. Kuinuka kwake kulikuwa kazi ya hatua tatu, na hakuifanya bila sababu. Alikwenda mpaka kwenye kona ya chai, ambako kulikuwa na birika, vikombe na mwiko, akarudi na mwiko. Akaulaza mpini wake kando ya betri ya buluu. Unene ulikuwa karibu sawa. Akaweka ukucha wa kidole gumba pale betri ilipoishia, akauburuza kwenye mti kuweka alama.

"Anataka ukate mwiko?" Bwana Swali aliuliza. "Kwa nini mwiko?"

Fundi Mdogo alikuwa amekwisha kuona. Alijikuta anatabasamu peke yake. "Kamera ina vyumba viwili," alisema taratibu, huku anafikiri. "Chumba kimoja tuweke betri hii. Cha pili tuweke kijiti chenye waya katikati, kisichotoa nguvu yoyote, kinapitisha tu. Betri moja badala ya mbili. Sio volti nane. Ni nne."

"Na kamera ni ya tatu."

"Ya tatu, ndiyo. Lakini nyuma ya kitabu chake wameruhusu betri za lithiamu za kutupa, zisizochajiwa, na mbili mpya zikikaa pamoja zinafika tatu nukta sita. Kwa hiyo mpaka hapo inavumilia. Hii tunaipunguza kwanza."

Wakaanza kazi. Binti alikata mpini kwa msumeno mdogo. Kutoboa katikati kulitaka mikono mitatu: miwili ya kwake ikashika mti, na mmoja wa baba yake ukazungusha keke ya mkono polepole, akisimama kila baada ya mizunguko michache kupuliza vumbi la mbao. Hakuwahi kufanya kazi kwenye meza ile tangu augue. Wateja walikuwa wakimkuta kitini, wakimpa pole, wakimwona kama sehemu ya samani. Leo alikuwa na chembe za mbao kwenye nyusi na alikuwa anamkoromea binti yake, "aa-aa, aa-aa," kila mti ulipopinda, na Fundi Mdogo alifurahi kukoromewa kuliko alivyowahi kufurahia sifa yoyote.

Walipitisha waya mnene wa shaba, wakaupiga lehemu huku na huku ukawa na vichwa viwili kama vya betri. Kisha wakaiunga betri ya buluu kwenye balbu ya tochi iikamue, wakaiweka juu ya kigae, ndoo ya mchanga karibu. Bwana Swali alipewa kazi ya kupima kila robo saa na kuandika.

Aliifanya kwa heshima zote. Nne. Tatu nukta tisa. Aligusa betri kwa mgongo wa kidole akatangaza kwamba ni ya uvuguvugu tu. Aliuliza kwa nini namba inashuka haraka mwanzoni kisha inajivuta, mkewe alimweleza. Aliuliza kama betri inajua kwamba inakwisha. Mkewe alimwambia aende kupeleka mikate. Hakwenda. Saa tisa na nusu alisoma tatu nukta sita, akasoma tena, akamwita mkewe kwa sauti ya kunong'ona kana kwamba namba ingeshtuka.

Fundi Mdogo alisugua vyuma vya ndani ya kamera kwa kifutio mpaka vikang'aa. Akaingiza kijiti. Akaingiza betri. Safari hii alimtazama baba yake kwanza.

"Ee," alisema mzee.

Akabonyeza. Lenzi ilitoka nusu, ikasita, ikatoka yote. Kioo kikawaka. Hakikuzima.

Picha ya kwanza ilikuwa matumbo ya redio. Ya pili matumbo ya feni. Halafu video. Kwenye kioo kidogo ilionekana meza hiihii, na mkono wa kulia wa mzee, mkono mzima, mwepesi, umeshika brashi.

"Hii inarekodi au inanichezea?" sauti ilisema. Ilikuwa nzito, yenye kikwaruzo na mzaha. "Haya, kale kataa kekundu kanawaka. Basi itazame hii redio. Vumbi, vumbi, vumbi. Huyu mtu ameniletea redio au ameniletea shamba?"

Fundi Mdogo aliziba mdomo. Alidhani anaikumbuka sauti ile. Kumbe kwa miaka minne alikuwa anakumbuka maneno tu, na sauti yenyewe ilikuwa imemponyoka bila yeye kujua. Alilia waziwazi, mbele ya mumewe, mbele ya baba yake, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mzee alikuwa amesogeza sikio karibu na kamera, anasikiliza kwa makini, kama anavyosikiliza mashine ya mteja.

Video ilichukua nusu dakika. Mwishoni, mlango ulisikika, na mteja asiyeonekana akaamkia. Mzee akamjibu, na ikakatika.

Walipoirudia mara ya pili, Fundi Mdogo aliirekodi kwa simu yake, kisha akaituma kwa watu watatu ili isiwe tena mahali pamoja. Mara ya tatu ndipo alipogundua kwamba mumewe hajauliza swali lolote.

"Vipi wewe?"

"Sikuwahi kumsikia," alisema Bwana Swali. "Nilikuja kwenu kukuposa, alikuwa ameshaugua. Siku ile nilimwamkia akainua kiganja. Na kila asubuhi tangu hapo, ni kiganja. Miaka mitatu. Si kwamba nalalamika." Alionyesha kamera. "Irudishe. Mteja akimaliza tu kuamkia, simamisha hapo."

Mkewe aliirudisha, akaisimamisha. Bwana Swali alisimama, akachomekea shati lake la kazi lenye unga wa mikate. Hakuitazama kamera. Alimtazama mzee.

"Shikamoo, baba," alisema.

Mzee akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua kamera mikononi mwa binti yake, akatafuta kidude kwa kidole gumba, akabonyeza.

"Marahaba, mwanangu," sauti yake ikasema. "Karibu ndani. Kaa hapo."

Bwana Swali akakaa.